Swali Lililofutwa la Babikir

Mamlaka inayohusika na dawa, katika tangazo lake namba kumi na saba, iliwahakikishia wananchi mambo matatu. Kwanza, kwamba insulini ipo ya kutosha katika ghala kuu, na kwamba haitapungua. Pili, kwamba taarifa za uongo zinazosambazwa katika makundi ya simu zinahatarisha maisha ya watu, na kila mwenye kuitakia nchi yake mema ajiepushe nazo. Tatu, kwamba mwenye swali lolote kuhusu dawa apige namba ya tarakimu nne, inayopokelewa mchana na usiku, siku zote za juma. Tangazo lilitiwa saini, likapigwa mhuri, kisha likapigwa picha na kusambazwa katika makundi ya simu.

Tajelsir alilisoma akiwa Port Sudan, amekaa juu ya kitanda cha kamba katika chumba cha kupanga, ghorofa ya pili. Dirisha la chumba hicho lilitazama ua wa ghala kuu lenyewe. Jenereta za majokofu zilinguruma chini yake kutwa kucha, kwa hiyo jambo la kwanza hakuwa na sababu ya kulitilia shaka. Kasoro aliyoiona ilikuwa ndogo: neno "haitapungua" linahusu mambo yajayo, na mambo yajayo si maarifa. Kwenye meza yake sentensi kama hiyo ingefutwa.

Meza yenyewe haikuwa na miguu. Ilikuwa kundi la WhatsApp la wanaume kumi na mmoja waliosoma pamoja sekondari ya bweni, kisha wakazeeka kila mtu kwake. Zamani walikuwa wakikutana Omdurman, kwenye ua wa klabu ya walimu, saa kumi alasiri watu wakishaamka usingizi wa mchana. Mmoja anauliza swali la maarifa, wengine wanajibu, na chai ya maziwa inapoa wakibishana. Baadaye Wahbi akaenda Doha kufanya kazi ya ufamasia, Mahjub akastaafu reli akarudi kwao Atbara, wengine nao wakatawanyika, na meza ikahamia kwenye simu bila kubadili saa. Doha ilikuwa tayari saa kumi na moja, lakini hilo lilikuwa tatizo la Doha.

Tajelsir ndiye aliyekuwa mwamuzi, na hakuna aliyekumbuka kumchagua. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya upimaji ardhi, akihakiki majina ya vijiji kabla ramani haijapigwa chapa. Aliwahi kuzuia ramani moja miezi kumi na minne kwa sababu kijiji fulani kilikuwa na majina mawili, kutegemea ni upande gani wa kisima umemuuliza mtu. Mwishowe kijiji kikaachwa nje ya ramani, na wenyeji wake wakaendelea kuishi hapo kama kawaida. Mtu wa namna hiyo ukimpa kundi la simu atalitungia kanuni. Tajelsir alitunga tano, akaziandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la alama.

Kanuni ya kwanza: swali liwe na jibu moja tu. Ya pili: swali lisiseme wala kudokeza kwa nini linaulizwa. Kanuni hii ilizaliwa mwaka ambao mtoto wa Mahjub alipata nafasi ya kusoma Malesia. Kwa miezi mitatu kila mtu alikuwa anajua Mahjub atauliza nini, na watu wakajizolea alama za bure. Tangu hapo muulizaji mzuri alikuwa yule anayeweza kuuliza juu ya msiba wa nyumbani kwake na usijue kama amefiwa. Ya tatu: hakuna kupekua mtandaoni. Ya nne: hakuna siasa, hakuna habari, hakuna rambirambi wala dua za kusambaza, hayo yana kundi lake. Kanuni ya nne iliwekwa mwaka wa maandamano, baada ya watu wazima watatu kutoka kwenye meza kwa hasira na kurudi kwa aibu. Ya tano: swali likifutwa, majibu yote yanafutwa pia, ili muulizaji aweze kulirekebisha na kulirudisha bila mtu kuwa ameshachungulia.

Vita vilipoingia Omdurman, Tajelsir na mkewe Buthaina waliondoka na begi moja moja. La kwake lilikuwa na madaftari tisa.

"Sufuria yangu ya shaba umeiacha," Buthaina alimwambia walipofika Port Sudan, siku ya tatu barabarani. "Cheti cha ndoa umekiacha. Lakini tunajua Wahbi alipata alama ngapi mwaka juzi."

"Mia mbili na kumi na nne," alisema Tajelsir.

"Alhamdulillahi. Basi leo tutakula hizo."

Babikir hakuondoka. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, na muulizaji bora kuliko wote mezani: maswali yake yalikuwa makavu, mafupi, hayana pa kushika. Katika kujibu alikuwa na sifa nyingine. Jibu likikosewa hukatwa alama moja, ukinyamaza hukatwi kitu, na Babikir hakuwahi kubahatisha. Kama hajui, alinyamaza. Miaka tisa ya daftari haikuwa na hata alama moja iliyokatwa kwake.

Alibaki kwa ajili ya mkewe, Sittana, aliyekuwa na ugonjwa wa sukari na miguu isiyokubali tena safari. Wote walimfahamu Sittana. Siku za Ijumaa meza ilikuwa ikihamia nyumbani kwao, na wanaume kumi na mmoja wakiwa wanajikuna vichwa uani, sauti yake ingetoka jikoni ikitaja jibu, huku anakoroga chai. Mara nyingi lilikuwa sahihi. Tajelsir aliamua kwamba majibu ya jikoni hayahesabiwi.

"Mwamuzi wenu anaogopa jiko," Sittana alimjibu siku hiyo kupitia dirishani. "Mwambieni na chai inatoka hukuhuku."

Hivyo ndivyo walivyomjua, na ugonjwa wake waliujua pia. Kikombe chake kisichotiwa sukari walikiona kila Ijumaa. Mambo haya yanasemwa hapa mapema ili baadaye pasiwe na mtu wa kusema hawakujua.

Mtaa wa Babikir ulikuwa umekatiwa mtandao. Palikuwa na kijana mmoja, fundi wa redio aitwaye Muzzammil, mwenye dishi la setilaiti juu ya paa lake, na watu walivuka vizuizi viwili vya wenye bunduki kwenda kukaa ukutani kwake dakika kumi kumi. Wengi walizitumia dakika hizo kuwaambia watoto wao walioko nje kwamba wako hai. Babikir alizitumia kuuliza swali, zamu yake ilipofika. Wenzake waliona ni jambo la kupendeza.

Jumatatu ile, saa kumi kamili, swali lake liliingia:

"Mtungi wa udongo umejazwa maji na kuwekwa kivulini. Nje joto ni digrii arobaini na tatu. Insulini iliyofungwa kwenye kopo kavu na kuzamishwa ndani ya mtungi itadumu siku ngapi kabla ya kuharibika?"

Halikuwa na pa kushika. Meza ikachangamka, dakika kumi za Babikir zikiwa zimeshaisha.

"Babikir leo ametoka kwenye wafalme ameingia hospitali," aliandika Mahjub. "Siku saba. Na mtungi uwe wa bibi yangu, hii mitungi ya siku hizi inavuja."

"Kama hujui, nyamaza kama mwenye swali," Wahbi alimjibu kutoka Doha. "Mimi hii ndiyo kazi yangu. Siku ishirini na nane, hata zaidi kidogo. Mtungi unapoza kuliko mnavyodhani. Muhimu maji yasikauke na chupa isipigwe jua. Isitupwe."

"Mfamasia anajibu swali la famasia. Hii ni haki kweli?"

"Siku kumi na nne," alisema mwingine, akiwa Cairo.

"Inategemea mtungi."

"Inategemea aina ya insulini."

"Inategemea aliyefunga kopo," alisema Mahjub. "Kama ni wewe, siku mbili."

Majibu yalifika manane, na hakuna mawili yaliyofanana. Tajelsir aliyasoma yote kwa utulivu, akanywa kahawa yake ya tangawizi, akafikia uamuzi. Aina ya insulini haikutajwa. Ukubwa wa mtungi haukutajwa. Upepo haukutajwa. Saa kumi na mbili jioni aliandika: "Swali la Babikir halina jibu moja. Limefutwa kwa kanuni ya kwanza. Muulizaji amekatwa alama moja. Anaweza kulirekebisha na kulirudisha." Kisha, kwa kanuni ya tano, akayafuta majibu yote manane, moja baada ya jingine, kwa kidole gumba. La Wahbi lilikuwa la pili kutoka juu.

Ilikuwa alama ya kwanza kukatwa kwa Babikir tangu meza ianze. Tajelsir aliiandika kwa kalamu nyekundu, na hawezi kukana kwamba alijisikia vizuri. Haki isiyopendelea hata rafiki ni kitu cha fahari, hasa kwa mtu asiye na fahari nyingine iliyobaki.

Jumatano, saa tano asubuhi, Babikir alipata dakika zake kumi. Alikuta kwenye simu maandishi manane yanayosema ujumbe huu umefutwa na kiongozi wa kundi, na chini yake uamuzi. Alijibu kwa ufupi wa mwalimu wa zamani:

"Nimeupokea uamuzi. Nitalirekebisha."

Mahjub akamtumia kikaragosi cha mtu anayelia. Dakika kumi zikaisha.

Ijumaa Tajelsir alikuwa akinakili alama za wiki, Buthaina akichambua mboga ya mlenda juu ya sinia. Alikuwa na desturi ya kumsomea mkewe maswali ya wiki. Mkewe alikuwa na desturi ya kutosikiliza. Alipofika kwenye swali lililofutwa, kisu kilisimama.

"Rudia."

Akarudia.

"Na huyo aliyeuliza ni nani?"

"Babikir."

"Babikir wa Sittana?"

Jenereta za ghala ziliendelea kunguruma chini ya dirisha.

"Baba Rimaz," alisema Buthaina, akimwita kwa jina la binti yao, kama alivyokuwa akifanya kwenye mambo mazito, "umeme Omdurman umekatika tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Walisema ni kituo cha..."

"Friji yake haifanyi kazi. Dawa ya mke wake ameiweka kwenye mtungi. Amewauliza ninyi watu wazima kumi itadumu siku ngapi. Mmemjibu nini?"

"Walimjibu," alisema Tajelsir. "Wahbi alimjibu vizuri sana."

"Na yeye akasomaje?"

Tajelsir alilitazama daftari. Wino mwekundu ulikuwa umekauka vizuri.

"Kwa nini hakusema?" aliuliza baadaye, na hilo ndilo swali pekee alilowahi kuuliza ambalo alikuwa na jibu lake lililoandikwa ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Alimtumia Babikir ujumbe wa Wahbi kwa kumbukumbu, neno kwa neno: siku ishirini na nane, maji yasikauke, chupa isipigwe jua, isitupwe. Tiki moja ya kijivu. Alipiga simu, haikuita. Kisha akafanya jambo ambalo lilionekana kuwa la akili: alishuka ngazi, akazunguka ukuta, akasimama kwenye geti la ghala kuu.

Mlinzi alikuwa mtu mpole, amekaa kwenye kiti cha plastiki chenye miguu mitatu na tofali moja.

"Ndugu yangu, nahitaji insulini chupa mbili. Ni ya mgonjwa aliyeko Omdurman."

"Ipo, mzee wangu," alisema mlinzi. "Ipo tele. Una barua?"

"Barua ya nani?"

"Ya hospitali yake."

"Hospitali yake ilipigwa bomu mwaka jana."

"Basi ya mkuu wa hospitali."

"Naye alikuwemo."

Mlinzi alifikiri. Ilionekana wazi kwamba alitaka kusaidia. "Omdurman magari hayaendi, mzee wangu. Hata ukipewa, utaipelekaje? Itaharibika njiani. Hapa iko salama. Piga ile namba."

Tajelsir aliipiga ile namba palepale, amesimama kwenye kivuli cha geti. Ilipokelewa, kama tangazo lilivyoahidi. Sauti ya msichana, yenye adabu, ilimuuliza ana swali gani. Akalisoma swali la Babikir kutoka kwenye daftari, kama lilivyo.

"Baba, swali hilo haliko kwenye orodha yangu," alisema msichana. "Mshauri mgonjwa aiweke dawa kwenye jokofu."

"Hana umeme."

"Basi aende kituo cha afya kilicho karibu naye. Kuna swali jingine?"

Akakata simu, akapanda ngazi.

Jumamosi asubuhi, kupitia jirani wa zamani wa binamu wa Buthaina, walipata namba ya Muzzammil, yule fundi mwenye dishi. Alipokea haraka, nyuma yake sauti za watu wakigombania zamu.

"Babikir? Yule mwalimu? Kaondoka jana alfajiri, mzee. Kambeba mama kwenye mkokoteni mpaka njia ya malori. Walisema wanakwenda kaskazini, kuna dawa huko."

"Yeye alisema hivyo?"

"Alisema ile waliyo nayo imeshaharibika. Tukamwambia, mwalimu, hiyo njia wewe si wa kuipita na mgonjwa. Akasema hawezi kubahatisha." Muzzammil alikohoa. "Mzee, kama una ujumbe niandikie. Dakika zako ni bure, yule alinifundisha darasa la sita."

Tajelsir alimshukuru. Ujumbe alikuwa nao, ila hakuwa na wa kumwandikia.

Zikapita siku kumi na tisa. Meza iliendelea kukutana saa kumi, kwa kuwa hakuna kanuni iliyosema isimame. Watu waliuliza marefu ya mito na tarehe za mikataba, na waliojibu walijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anaweza kuandika kwa sauti ya chini. Zamu ya Babikir ilipofika waliiruka, na hakuna aliyetaja kwa nini. Ujumbe wa Tajelsir ulibaki na tiki moja. Ulikuwa umetumwa kwenye simu iliyochukuliwa kwenye kizuizi cha kwanza.

Siku ya ishirini Mahjub alipiga kutoka Atbara. Mahjub hakuwa mtu wa kupiga simu; alikuwa mtu wa vikaragosi.

"Yupo kwangu," alisema. "Kaja jana mchana. Peke yake."

Tajelsir alikaa kitandani.

"Alimzika njiani," Mahjub aliendelea. "Kuna kijiji wakawasaidia. Hajui hata kinaitwaje. Nikamwambia Tajelsir atajua, akakichora kilivyo, kisima kiko wapi. Nitakutumia picha." "Sikiliza. Chupa anazo. Zile za dawa. Kazibeba mpaka hapa zimefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Mbili, moja haijafunguliwa kabisa."

"Aliacha lini kumchoma?"

"Jumatano ile, aliporudi kutoka kwenye dishi. Umeme ulikuwa na siku tisa umekatika. Kaniambia, 'Mahjub, sikuwa na jibu, ningemchoma mke wangu kitu nisichokijua?'" Nyuma ya Mahjub jogoo aliwika, saa sita mchana. "Anasema leo ana swali. Nimempa simu yangu. Saa kumi mtaona jina langu, lakini ni yeye."

Tajelsir alimpigia Wahbi. Wahbi alikuwa mtu aliyewahi kubishana wiki tatu juu ya kilomita kumi na mbili za mto, mpaka akatafuta barua kutoka chuo kikuu. Hakuwahi kumwachia mtu kosa, hata mama yake.

"Siku ishirini na nane, Taj," alisema Wahbi kabla hajaulizwa. "Ndivyo nilivyoandika. Kwenye mtungi hata siku arobaini ingekuwa na nguvu ya kutosha kumweka hai. Niliandika isitupwe. Niliandika, ukafuta."

"Nilifuta."

"Sikulaumu. Kanuni ni kanuni. Mimi nilijibu kama mtu anayetafuta alama. Nilikuwa nimeridhika sana na jibu langu." Kulikuwa na mlio wa mashine ya kaunta upande wa Doha, mteja akiaga. "Atauliza nini?"

"Sijui. Yeye hurekebisha."

"Basi nitakutazama wewe," alisema Wahbi, akakata.

Saa tisa na nusu Tajelsir alichukua daftari, akakaa dirishani. Buthaina alimletea kahawa, akaiweka, hakuondoka. Chini kwenye ua vijana wawili walikuwa wakipakua katoni kutoka kwenye lori na kuziingiza ghalani, wakihesabu kwa sauti.

Saa kumi kamili jina la Mahjub lilitokea.

"Swali lililofutwa, limerekebishwa. Mimi ni Babikir. Insulini ya kawaida, chupa mbili, moja haijafunguliwa. Mtungi wa lita arobaini, kivulini, maji yamebadilishwa kila siku. Nje digrii arobaini na tatu, upepo wa kaskazini. Siku ya tisa: inafaa au haifai? Jibu ni moja. Muulizaji hana jibu hilo. Anamwachia mwamuzi."

Tajelsir alilisoma mara mbili. Lilikuwa swali zuri. Aina imetajwa, ukubwa umetajwa, hata upepo. Halikusema kwa nini linaulizwa. Katika miaka tisa hakuwa ameona swali lililotimiza kanuni zote namna ile, na jibu lake lilikuwa moja kweli, naye alikuwa nalo.

Hakuna aliyeandika kitu. Kawaida Mahjub angekuwa ameshatania, lakini simu ya Mahjub ilikuwa mkononi mwa mwingine. Dakika mbili, tatu. Majina ya watu yalionekana juu ya kioo, wako hewani wote, wamekaa kimya kama wanafunzi mkaguzi akiwa nyuma ya darasa.

"Mwambie," alisema Buthaina, na sauti yake haikusema amwambie nini.

Kwa miaka thelathini na mmoja Tajelsir hakuwahi kupitisha jina la kijiji ambalo hakulihakiki. Kidole gumba kile kilichofuta majibu manane kilisimama juu ya kioo, kisha kikaandika neno moja.

"Haifai."

Akatuma. Akasubiri Doha.

Doha ilichukua muda. Ilionekana Wahbi anaandika, anaacha, anaandika tena. Mtu wa kilomita kumi na mbili.

"Haifai," aliandika Wahbi. "Nathibitisha kama mfamasia. Siku ya saba inakuwa imeshakwisha nguvu. Aliyeacha kuitumia alifanya sawa."

Yule wa Cairo akafuata: "Haifai." Kisha mwingine, na mwingine, hadi wakatimia wote waliokuwa hewani. Watu ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya urefu wa mlima ulio mbele yao walijibu neno moja, na hakuna aliyesema inategemea.

Babikir akaandika:

"Ahsanteni. Sittana alisema hivyo pia, ila majibu ya jikoni hayahesabiwi. Swali limefungwa."

Tajelsir hakujua kama Sittana alisema hivyo kweli. Ilimjia kwamba Babikir alikuwa mwalimu wa historia, amesoma nyuso za waongo wadogo miaka arobaini, na kwamba majibu tisa yanayofanana kutoka kwenye meza ile ni ushahidi wa kitu, ila si wa insulini. Kama Babikir aliliona hilo, hakuliuliza. Kanuni ya pili ilikuwa bado inafanya kazi.

Alifungua daftari. Alama nyekundu ya Babikir aliifuta kwa wembe, taratibu, mpaka karatasi ikawa nyembamba mahali pale na mwanga ukapita. Kisha akaandika tarehe, na mbele ya kila jina lililojibu akaweka moja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu meza ianze kwa wote waliojibu kupata. Mkononi mwake kalamu ilikuwa ya buluu, na hesabu ilikuwa sahihi, na swali na jibu aliyaandika kikamilifu kama desturi yake ilivyokuwa, ili atakayekuja kusoma baadaye apate maarifa.

Ile picha ya kijiji ilifika jioni: kisima, mistari miwili ya nyumba, mti wa miiba, alama ndogo ya X ya kalamu mahali alipolala Sittana. Tajelsir alikitambua. Kilikuwa kile chenye majina mawili.

Mwezi uliofuata mamlaka ilitoa tangazo namba kumi na nane, lenye matokeo ya ukaguzi wa ghala kuu. Majokofu hayakuwahi kuzima hata dakika moja. Insulini yote iliyoingia tangu mwanzo wa mwaka ilikuwa bado imo ndani, haijapungua hata chupa.